Ufa Azibe Nani

Mpangaji wa kwanza tulipeana mikono.
Halifax, Novemba, mvua ile inayonyesha kwa ubavu,
yeye na mazulia yake ya kuviringishwa, mimi na funguo mbili
na karatasi moja ya kununua duka la vifaa vya ofisi,
ina nafasi za kujaza kama fomu ya maktaba:
jina lako, jina lake, kiasi, sahihi.
Nikaona tumemaliza. Nikampikia na chai.

Duka lenyewe ni kiinua mgongo cha marehemu Athmani,
miaka ishirini na sita ya basi la Pellon,
kupanda na kushuka, kupanda na kushuka,
mpaka goti la kushoto likamkataa.
Jengo la mawe, jeusi kwa masizi
ya viwanda vilivyofungwa kabla hatujafika.
"Hili litatulisha tukizeeka," alisema.
Limenilisha mimi peke yangu, na si kila mwezi.

Mwaka wa pili maji yakapita darini.
Wahenga walituhimiza tuzibe ufa;
hawakusema fundi alipwe na nani.
Bwana Pickersgill akasema, paa ni lako.
Nikasema, mazulia ni yako.
Ile karatasi tukaisoma wote wawili, mbele na nyuma.
Nyuma palikuwa peupe.

Aliondoka usiku wa Jumapili.
Funguo alizipitisha tundu la barua,
kazifunga kwa mpira mwembamba wa kufungia noti,
noti zenyewe hakuna.
Pango la miezi mitano, bima, kodi ya manispaa,
na zulia moja lililooza, rangi ya samli,
ambalo mtu wa taka alinitoza kulibeba.

Sasa nina wakili. Bi Ackroyd,
miwani kwenye uzi, sauti ya mwalimu wa hesabu.
Kurasa arobaini na nne.
Alinisomea kifungu kwa kifungu, na katika kila kimoja
nilimsikia Pickersgill akitajwa bila kutajwa:
amana ya miezi mitatu, ikae benki, isiguswe;
pango litazamwe upya kila mwaka wa tatu,
lipande au likae, lisishuke;
paa, mifereji, vioo, atengeneze mpangaji,
na picha sitini na nane za leo ziambatane
ili kesho asiseme alivikuta hivyo;
asimpangishe mwingine bila ruhusa yangu;
zikipita siku kumi na nne hajalipa, mlango ni wangu.
"Mali bila daftari huisha bila habari," nikamwambia.
Akauliza maana, nikamweleza,
akaiandika pembeni kwa penseli
kana kwamba nayo ni kifungu.

Mpangaji mpya anaoka mikate. Tamsin,
unga kwenye nyusi hata siku ya kusaini.
Kifungu cha thelathini na moja kinataka mdhamini,
basi kaja na mama yake, na mama kaja na nyumba yake,
yaani hati, ndani ya mfuko wa duka la samaki.
"Binti akishindwa," Bi Ackroyd akamweleza polepole,
"utalipa wewe."
"Mpaka lini?"
Hakumwuliza wakili. Aliniuliza mimi.

Jibu lilikuwapo, ukurasa wa thelathini na nane:
miaka kumi.
Viganja vyake vilikuwa na sugu pale pale palipo zangu,
mimi niliyekunja mashuka ya hospitali ujana wangu wote.
Nikasema, miwili.
Bi Ackroyd akavua miwani. "Kila unapolegeza
ni tundu."
Tundu nalijua. Nimelikingia ndoo.
Nikasema: miwili, akilipa bila kukosa.
Akikosa mara moja, inarudi kumi.
Wakili akacheka kwa mara ya kwanza, akaandika.

Naishi ghorofa ya juu. Saa kumi alfajiri
harufu ya mkate inapanda ngazi bila kibali;
hilo halimo katika kurasa zote.
Juzi nikasikia viatu juu ya paa,
nikafungua dirisha: fundi, na ngazi, na vigae vipya.
Sikumwita. Kaitwa na wa chini.
Nikafunga dirisha.

Mkataba nimeutia kabatini, chini ya mashuka.
Ndoo sijaiondoa.